Mbwa Ana Jina, Mama Hana

Katika Sounder, riwaya ya vijana aliyoitoa William H. Armstrong mwaka 1969, kiumbe mmoja tu wa kibanda cha familia inayosimuliwa ana jina, naye ni mbwa. Baba ni "baba", mama ni "mama", mtoto mkubwa ni "mvulana" kuanzia ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho, na wadogo zake ni vivuli tu kando ya jiko. Wahakiki wengi wamelipita jambo hili kama pambo la mtindo. Mimi naliona ndilo kosa kuu la kitabu, na ni kosa la ufundi kabla ya kuwa la siasa, kwa sababu linabomoa kazi ambayo kitabu chenyewe kilijipa: kumwonyesha kijana jinsi ubaguzi wa rangi unavyoikaba familia, na jinsi familia inavyokataa kukatika. Aliyekisoma hahitaji kusimuliwa upya habari za nyama iliyoibwa, risasi, na miaka ya kumtafuta baba katika kambi za wafungwa. Mengi yamefanywa vizuri: mama anayebangua jozi usiku ili akauze kokwa dukani, keki ya Krismasi inayofikichwa na askari jela mbele ya mtoto aliyeibeba njia nzima. Hizo ni kurasa za fundi.

Turudi kwenye siku ya baba kukamatwa, maana hapo ndipo uamuzi wa kuficha majina unapomsaliti mwandishi wake. Sherifu na wenzake wamejaa kibandani. Mmoja anamwamuru baba anyooshe mikono afungwe pingu, na anamwita kwa neno waitwalo watoto wa kiume. Mtu mzima, mbele ya mkewe na wanawe, anaitwa mtoto ndani ya nyumba yake. Msomaji wa Kiswahili hahitaji kuelezwa sana hapa, kwani ni neno hilohilo la Kiingereza lililotuzalia "boi", cheo cha mpishi na mfagizi katika nyumba za wakoloni Nairobi na Dar es Salaam, aliyebaki kuwa boi hata mvi zilipomjaa na wajukuu wakawa wanamwamkia. Armstrong alilijua neno lile na uzito wake. Hakuliweka kwa bahati. Lakini sasa tazama msimulizi anamtajaje mtoto anayesimama pembeni akiyaona yote. Kwa neno lilelile. Askari analitumia kumshusha baba, msimulizi analitumia kwa upole kumtaja mwana, na kwa kuwa hakuna jina lolote kati yao, sikio la msomaji wa miaka kumi na miwili halipati mahali pa kuikamata tofauti. Kwa kurasa kadhaa limeshazoezwa kulisikia neno hilo kama neno la kawaida la nyumbani. Mtoto angekuwa na jina, hata fupi, kauli ya askari ingelia pale kama sufuria iliyoanguka usiku wa manane. Ilivyo sasa, inapita. Mwandishi amelichonga tusi kwa uangalifu, kisha akalizima kwa mkono wake mwenyewe, na tukio lililopaswa kuwa uti wa mgongo wa kitabu likabaki kuwa tukio la mbwa kupigwa risasi.

Wala si kwamba kitabu hiki kinaogopa majina. Mama anasimulia hadithi za Biblia, na humo Yusufu ni Yusufu na Daudi ni Daudi. Mvulana anaokota kitabu kilichotupwa, na mwandishi wake, Montaigne, anatajwa. Kwa hiyo majina yapo, ila yamegawiwa manabii, Mfaransa wa karne ya 16 na mbwa wa kuwindia. Hata katika maelezo ya mwanzo, Armstrong anaeleza kwamba hadithi hii aliipata utotoni kwa mwalimu mweusi aliyekuwa akifanya kazi kwa baba yake na aliyemfundisha kusoma. Anamheshimu sana, anakiri wazi kwamba hadithi ni ya mzee yule na si yake, kisha anamwacha bila jina. Hapo hapo anasema mzee aliwasimulia habari za Argus, mbwa mwaminifu wa Odysseus, kabla ya kuingia katika habari za Sounder. Homer alimpa jina mbwa, na akampa jina bwana wake pia.

Watetezi wa kitabu wana hoja, tena si ya kubezwa. Wanasema familia isiyo na jina ni kila familia. Ukiiita Logan au Morgan umeifungia katika kaunti moja, ukiiacha wazi umewabeba wote walioonewa. Na sisi, watu wa ngano, tungepaswa kuwa wa kwanza kuikubali hoja hii, maana hadithi zetu zimejaa mfalme asiye na jina, mwanamke tasa asiye na jina, maskini na tajiri. Lakini ngano ina kanuni yake, na Armstrong ameivunja. Katika ngano Sungura huitwa Sungura na Fisi huitwa Fisi. Mnyama na mtu wote husimama kama aina, kwa hiyo hakuna anayepunjwa. Ukimpa mnyama jina lake la pekee huku binadamu ukiwaacha na majina ya nafasi zao, umekwisha kutoka kwenye ngano, na msomaji mdogo, ambaye moyo wake hufuata jina popote lilipo, atamlilia mbwa. Ndivyo inavyokuwa. Kitabu kinakumbukwa kwa mbwa aliyepoteza sikio na sauti, wakati mwanamume aliyepondwa mwili katika machimbo ya mawe anakumbukwa kama mwenye mbwa.

Hoja ya pili ni nzito zaidi: kwamba ukimya wa majina ndio mashtaka yenyewe, kwa kuwa dunia ya wazungu wa Kusini mwa Marekani iliwanyima weusi majina, na kitabu kinaonyesha hivyo tu. Kuhusu dunia ile, kweli. Mwaka 1963 mwanaharakati mweusi, Mary Hamilton, alikataa kujibu maswali mahakamani Alabama kwa sababu mwendesha mashtaka alimwita Mary, si Miss Hamilton kama walivyoitwa wanawake wazungu. Akatiwa hatiani kwa kuidharau mahakama, na mwaka 1964 Mahakama ya Juu ya Marekani ikaitengua hukumu hiyo. Miaka mitano baadaye ndipo Sounder ikatoka, kwa hiyo suala la nani anaitwaje halikuwa geni kwa mtu yeyote aliyekuwa akisoma magazeti. Ila msimulizi wa Armstrong hakusimama mahakamani wala barabarani. Amekaa ndani, karibu na jiko, mahali ambapo mke humwita mumewe na mama huwaita wanawe. Mlango ukishafungwa, amri ya mbaguzi kuhusu majina haina nguvu tena, na uwezo wa familia kustahimili huanzia hapohapo: kuna mahali pamoja duniani ambapo mtu huyu anaitwa kama alivyo. Msimulizi aliyeingizwa mpaka jikoni kisha akaendelea kusikia kwa masikio ya sherifu hajashtaki chochote.

Ndiyo maana namrudia Mildred D. Taylor, na nitaendelea kumrudia. Roll of Thunder, Hear My Cry ilitoka mwaka 1976, imekaa Mississippi mwaka 1933, na karibu kila pigo lake linapita kwenye jina. Watoto weusi wanagawiwa vitabu chakavu vilivyokwisha kutumiwa na watoto wazungu, na ndani ya jalada kuna jedwali la hali ya kitabu na rangi ya mpokeaji. Wamepewa baada ya hali kuandikwa kuwa mbaya sana, na kwenye safu yao limeandikwa neno la dharau mahali pa jina. Little Man, mwenye miaka sita, ambaye jina lake kamili ni Clayton Chester Logan, anakikanyaga kitabu. Mama yake, Mary, ambaye ni mwalimu, anagandisha karatasi juu ya jedwali katika vitabu vya darasa lake. Kule mjini Strawberry, Cassie, dada yake na msimulizi wa kitabu, analazimishwa kumwita Lillian Jean, msichana mzungu, "Miss", na msomaji anaumia naye kwa sababu amekwisha kujifunza kwamba nyumbani kwa akina Logan cheo cha heshima hupewa anayestahili: mzee anayewalinda ni Bwana Morrison, hata siku moja hawamwiti Morrison mkavu. Shamba nalo lina jina nyuma yake, Paul-Edward, babu aliyenunua ekari 200 za kwanza mwaka 1887. David Logan, baba yao, anapoichoma pamba yake mwenyewe ili kuwatawanya watu waliokuja kunyonga, tunajua ni jasho la nani linaloteketea. Mtu ataniambia Taylor alirahisishiwa kazi na nafsi ya kwanza, kwamba Cassie akisimulia lazima wenzake wamwite. Sikubali. Nafsi ya tatu haikumzuia mama wa Sounder kumwita mwanawe aje kula.

Nishani ya Newbery walipewa wote wawili, Armstrong mwaka 1970 na Taylor mwaka 1977. Nimelisema hili mara nyingi: kamati za tuzo hulegea mbele ya mateso yasiyo na mwenyewe. Nishani ile ilianza kutolewa mwaka 1922, na mpaka 1970 haikuwa imempata mwandishi mweusi hata mmoja; wa kwanza alikuwa Virginia Hamilton, mwaka 1975. Kosa la Armstrong lilirekebishwa haraka kuliko kamati zilivyojirekebisha. Lonne Elder III alipoandika mchezo wa filamu ya 1972 aliyoiongoza Martin Ritt, aliwapa majina: Nathan Lee Morgan, Rebecca, David Lee. Filamu ilipendekezwa kwa tuzo nne za Oscar, na Cicely Tyson anapokimbia barabarani kumpokea mumewe, anayekimbia ni Rebecca. Kisha mwaka 2003 ikaja filamu ya televisheni, ikiongozwa na Kevin Hooks, yeye yule aliyekuwa David Lee alipokuwa kijana, nayo ikarudi kwa Baba, Mama na Mvulana. Uaminifu kwa kitabu, wataniambia. Ni uaminifu kwa sehemu yake mbovu kuliko zote.

Na mahali pa kuweka jina palikuwepo, pamoja tu pangetosha. Miaka imepita, mtu anatokea mbali barabarani, akichechemea, upande mmoja wa mwili umekufa. Mama yupo, na hajamwona mumewe kwa miaka hiyo yote. Mwanamke katika hali ile angetamka kitu, hata kwa kunong'ona, hata kwa shaka. Katika ukurasa wa Armstrong anayempazia sauti ni mbwa.