Kuondoa Grisi ya Vita

Kipuri cha Jeep ya kijeshi kilichofungwa mwaka 1943 na kusahaulika ghalani hakina sura ya kipuri. Ukifungua boksi unakutana na bonge la kahawia lililogandamana na karatasi yake, gumu kwa juu, zito na la kunata kwa ndani. Humo mna gia, au valvu, au krenki nzima. Kazi ya fundi ni kukitoa chuma hicho kama kilivyotoka kiwandani, bila kukiongezea kitu wala kukipunguza. Wengi wanaofufua magari ya zamani huiona kazi hii kama adha ya kupita kabla ya kazi yenyewe. Mimi sikubaliani nao. Kwangu hapa ndipo unapomjua fundi.

Grisi inayojulikana zaidi kwa kazi hiyo ni Cosmoline. Ni ya ukoo mmoja na mafuta mgando tunayojipaka mwilini, ila ni nzito zaidi na ina nta nyingi. Huzuia hewa na unyevu visikifikie chuma, basi. Lakini Vita vya Pili vya Dunia vilipiganwa ng'ambo ya bahari, na kinga hiyo ilikuwa na thamani kubwa. Kati ya 1941 na 1945 kampuni za Willys na Ford zilitengeneza kwa jumla zaidi ya Jeep 600,000, na magari hayo yalihitaji spea zilizokaa majuma mengi ndani ya ngama za meli, kwenye chumvi na joto, kisha zikashushwa penye matope. Fikiria Burma mwaka 1944, askari wa Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki wakiteremka bonde la Kabaw katikati ya mvua za msimu. Katika hali ile, chuma kitupu kingeota kutu kabla hakijafungwa kwenye gari. Kwa hiyo kule viwandani na maghalani vipuri vilipakwa au kuchovywa kwenye grisi ya moto hadi kila pembe ikajaa, vikaviringishwa kwenye karatasi isiyopitisha mafuta, vikatiwa kwenye maboksi. Wafanyakazi wale walifanya kazi yao barabara, na ndiyo maana baada ya miaka 80 fundi ana kibarua.

Mwenye pupa hukamata bisibisi akaanza kukwangua. Chuma kilichosagwa kwa vipimo vya usahihi mkubwa hakistahili kuguswa na ncha ya chuma kingine. Aliyeizoea kazi huanza na joto. Cosmoline hulainika na kuyeyuka kwenye nyuzi 50 hivi za Selsiasi, kwa hiyo hata bati jeusi lililoanikwa juani wakati wa kiangazi hufanya sehemu kubwa ya kazi. Kipuri hulazwa juu yake kikiwa bado na karatasi. Karatasi nayo ikilegea hubanduka nzima, pamoja na namba ya kipuri iliyopigwa juu yake. Grisi ikianza kutiririka, fundi huisindikiza kwa mwiko wa mbao au wa plastiki. Pasipo na jua, hutumia karai la maji yanayokaribia kuchemka. Grisi huelea, na maji yakipoa huganda juu kama utando wa maziwa, ikaenguliwa.

Mafuta ya taa huja baadaye, kuondoa filamu nyembamba iliyobaki. Napenda utaratibu wa mabeseni mawili: la kwanza la kuoshea, la pili lenye mafuta safi la kusuuzia. La kwanza likichafuka huachwa litulie hadi tope lizame, kisha mafuta ya juu hutumika tena. Kazi hii hufanyiwa nje penye hewa, mbali na moto. Petroli haifai kabisa: mvuke wake hutambaa chini kutafuta cheche.

Krenki ndiyo inayompima fundi. Katika injini ya Jeep ile, yenye silinda nne na lita 2.2, krenki hukaa juu ya beringi kuu tatu, na ndani ya chuma chake mmetobolewa njia nyembamba zinazopeleka oili hadi kwenye konrodi. Nje inaweza kung'aa huku ndani kukiwa na kizibo cha grisi iliyokauka. Injini ikiwashwa, oili haipiti, na beringi huungua. Ndiyo maana fundi hupitisha brashi ndefu, mara nyingi ile ya kusafishia mtutu wa bunduki, akairudisha, akamimina mafuta ya taa, akaacha yaloweke, akarudia. Haamini jicho lake. Husubiri mafuta yatoke meupe upande wa pili na kitambaa cheupe kipite bila doa. Anaweza kumaliza alasiri nzima kwenye tundu lisiloingia hata kidole, na hakuna atakayeliona injini ikishafungwa.

Vitu vya mpira, kama vile vya silinda za breki, havitiwi kwenye mafuta ya taa, kwa kuwa huvimba. Sili za ngozi nazo hazichemshwi. Beringi huoshwa polepole kwa mkono, wala haizungushwi kwa upepo wa kompresa ikiwa kavu.

Halafu chuma hujitokeza. Utaona mistari midogo ya mashine iliyokata gia ile, mikali bado, na katika vipuri vya Ford utakuta herufi F, hata kwenye vichwa vya bolti. Hapa msasa ni dhambi, maana alama hizo zikifutwa hazirudi. Ila hakuna muda wa kuzitazama sana. Chuma kilichovuliwa grisi hakina kinga yoyote, na jasho la kidole linatosha kuanzisha kutu. Kipuri kilichotoka kwenye maji ya moto hujikausha kwa joto lake chenyewe, na hapohapo, kabla hakijapoa, hupakwa oili nyepesi mwili mzima. Kwa sababu hiyo fundi makini hafungui maboksi yote kwa shangwe siku yanapofika. Huyapanga rafuni, akafungua lile tu ambalo gari limeshafika zamu ya kulipokea. Mengine huyaacha kwenye grisi yake, ambayo bado inafanya kazi.