Punje Moja Juu ya Makaa: Namna ya Kuchagua Ubani, Mvuje na Kivumbasi

Ukitaka kumjua mganga mjuzi, usimuulize ana majini wangapi. Muombe akufungulie kikapu chake. Nimekaa kwenye vyumba vya watu wenye sifa kubwa mjini, nikaona ubani uliochanganywa na ulimbo wa msonobari, mvuje uliojaa unga wa ngano, na "zafarani" ambayo ni rangi ya keki. Kama moshi unafukuza husuda ama haufukuzi, sitaki ubishi. Kila nyumba ina imani yake. Ila mtu asiyejua alichokishika mkononi hawezi kudai kwamba anajua alichokiita kwa hicho alichokishika.

Tuwekane sawa kwanza kuhusu jina la kazi yenyewe. Kiswahili kinatenga uganga na uchawi. Anayefukiza nyumba usiku wa kuamkia Ijumaa, anayemfunga mtoto mvuje mkononi, anayepanda kivumbasi karibu na mlango, huyo anajikinga, harogi mtu. Mwanzoni mwa safari yako baki humo humo kwenye kinga. Ya kutafuta wa kumkomoa, si mwongozo huu.

Anza na ubani. Wapo watakaokuambia uanze na vitu vizito zaidi, lakini ubani ndio unaofundisha pua, na pua ndiyo mzani wa kazi hii yote.

Ubani tunaousifu Pwani unatoka Dhofar, kusini mwa Omani, na mwingine ng'ambo ya maji, Somalia. Mkwanguaji hukwangua gome kwa kisu kifupi, mti ukatoa utomvu mweupe kama maziwa, nao ukakaukia pale pale kwenye shina. Utomvu wa mkwanguo wa kwanza hauna thamani kubwa. Uzuri unakuja na mikwanguo inayofuata. Wadhofar wanaupanga kwa madaraja, na majina utakayoyasikia ni Hojari, Najdi, Shazri na Shaabi. Hojari ndio wa juu. Miti yake imesimama nyuma ya milima, ambako ukungu na manyunyu ya msimu wao wa khareef hayafiki. Shaabi unatoka upande wa pwani, wenye unyevu, nao ndio wa chini. Kwa hiyo ukavu ndio unaofanya ubora. Mwaka 2000 UNESCO iliiingiza Ardhi ya Ubani ya huko kwenye orodha ya urithi wa dunia, na tangu hapo sijakutana na muuzaji Darajani ya Unguja wala Marikiti ya Mombasa ambaye ubani wake si wa Omani.

Utazame kabla ya kuunusa. Punje njema ni nene, angavu, rangi ya maziwa yenye kijani cha mbali au manjano ya ndimu, na ukiiinua juani mwanga unapita ndani yake. Vumbi jeupe juu yake lisikutishe. Ni punje zilizosuguana njiani. Punje za kahawia zenye vipande vya gome ni duni, lakini hazijawa bandia, na hapa ndipo wanaoanza wanapokosea. Duni ni ubani wa kweli uliochumwa vibaya au uliotoka sehemu yenye unyevu, na kwa kufukiza nguo unatosha. Bandia ni kitu kingine kilichovishwa jina la ubani. Duni nunua kwa bei yake. Bandia mrudishie mwenyewe.

Kisha utafune. Ubani wa kweli kwanza unameguka kama chumvi ya mawe, halafu unashikana mdomoni ukawa laini kama chingamu, na mate yanakuwa meupe. Sandarusi, utomvu wa miti ya pwani yetu wenyewe, inakatika kama kioo na haishikani. Nayo ina heshima yake, tena heshima ya ajabu. Katika karne ya 19 majahazi ya Wamarekani kutoka Salem, Massachusetts, yalikuwa yakija Unguja kuichukua kwa ajili ya kutengenezea vanishi. Salem hiyo hiyo ndiyo iliyonyonga watu kwa tuhuma za uchawi mwaka 1692. Wajukuu zao wakaja kununua utomvu kwetu, ambako bibi yeyote angeweza kuwaambia kwamba hiyo inafukizwa pia.

Jaribio la mwisho ni la moto, na hapa ubani mwingi mzuri unaharibiwa na mwenyewe. Makaa yawe yamefifia na kushika jivu jeupe. Ya vifuu vya nazi yanafaa kuliko yote kwa sababu hayana harufu ya kushindana. Ukitumia yale makaa ya duara yanayouzwa kwenye pakiti, yanayoshika moto kwa kiberiti tu, subiri mpaka yaache kurusha cheche. Harufu yake ya mwanzo ni ya baruti, wala si ya chetezo. Weka punje moja. Moja tu. Njema itayeyuka polepole, itachemka pembeni, itatoa moshi mweupe ulionyooka. Harufu inaanza na ndimu, baadaye inakuwa ya ukuni mkavu, na asubuhi bado utaikuta kwenye pazia. Yenye ulimbo wa msonobari inashika moto haraka, moshi wake ni mweusi, inanuka kama duka la fundi seremala na inawasha macho. Bibi yangu alikuwa akisema kwamba shetani hatakimbia harufu hiyo, wageni ndio watakaokimbia.

(Neno lenyewe limekwenda hadi msibani. Pesa tunazowapelekea wafiwa tunaziita ubani, na huko hakuna anayeitafuna noti kupima daraja lake.)

Mvuje ni habari nyingine. Huu hauna harufu nzuri hata siku moja, na hilo ndilo alilokusudia mtu wa kwanza aliyeufunga kwenye kitambaa cheusi akaufunga mkononi mwa mtoto: kibaya kinuse kibaya, kigeuke. Unatoka kwenye mizizi ya mmea wa Irani na Afghanistan. Wahindi, ambao ndio walaji wakubwa wake, walianza kujaribu kuupanda kwao, kwenye milima ya Himachal Pradesh, mwaka 2020 tu. Ule wa kwenye vikopo unaouzwa kwa mpishi umechanganywa na unga na gundi ili usimzidie nguvu. Kwenye dengu hauna ubaya; kwenye chetezo utakufukizia mkate ulioungua. Tafuta bonge lenyewe, la kahawia, linalonata, ambalo ukilikata ndani ni jeupe kisha linageuka jekundu kadiri linavyokaa hewani. Chembe yake ukiisugua kwenye maji inayafanya kama maziwa, na ukiipeleka kwenye kiberiti inawaka kwa ndimi angavu. Uliojaa unga unabaki donge jeusi. Uuhifadhi kwenye chupa ya kioo yenye kifuniko, la sivyo kabati zima litanuka mpaka Idi. Na mtoto usimlambishe. Kinga ya kufungwa mkononi ibaki mkononi.

Zafarani inatuleta kwenye kombe. Unguja na Pemba, mwalimu anaandika aya kwenye sahani nyeupe kwa wino wa zafarani, sahani ikasuuzwa kwa maji au marashi ya waridi, na mgonjwa akanywa. Siku hizi wapo wanaoandika kwa rangi ya chakula, kwa hoja kwamba baraka iko kwenye maneno. Hoja hiyo naielewa, lakini siikubali. Kinachonywewa kiwe kile kilichosemwa. Kupima zafarani ni rahisi: tupa nyuzi tatu kwenye maji ya uvuguvugu uende kufanya kazi nyingine. Ukirudi baada ya robo saa, maji yawe ya manjano ya dhahabu na nyuzi bado nyekundu. Maji yakigeuka mekundu papo hapo na nyuzi zikapauka, umenunua rangi. Ulimini ni chungu ingawa harufu yake ina utamu. Yenye ladha tamu imepakwa asali au sukari iongeze uzito. Kumbuka pia kwamba gramu moja inahitaji maua yapatayo 150, na kila ua linatoa nyuzi tatu zinazochumwa kwa mkono. Anayekuuzia kiganja kizima kwa bei ya kikombe cha kahawa anakutania.

Majani hayahitaji maneno mengi. Kivumbasi na mrehani vichume asubuhi umande ukishakauka, kabla havijatoa maua, uvianike kivulini. Jua kali linakula harufu. Kivumbasi kilichokauka vizuri kinabaki na rangi ya kijani na ukikifikicha kinapanda puani. Kilichogeuka kahawia ni nyasi. Mwarobaini upimwe kwa uchungu, basi. Wakati wa nyungu za korona mwaka 2020, watu walijaza sufuria kila jani lililokuwa karibu, na nikaona mtu akijifunika shuka juu ya majani ya mti wa mapambo ambao hakuujua hata jina. Jani usilolijua jina lake na jamaa zake, usilivute moshi wala mvuke.

Karafuu, kwa kuwa ziko kila nyumba: zitupe majini. Yenye mafuta inazama au inasimama wima, iliyokamuliwa inalala juu. Na uangalie usiuziwe makonyo yaliyosagwa.

Dirisha liachwe wazi unapofukiza. Makaa yakiwaka kwenye chumba kilichofungwa yanatoa gesi isiyo na harufu, nayo inaua waliolala bila kubagua mwenye imani na asiye nayo. Mjamzito na mtoto mchanga wasikae juu ya chetezo, hata kama waliotangulia walikalishwa.

Wiki hii nenda maduka matatu, nunua ubani wa pesa ndogo kila mahali, uuchome kwa usiku tofauti na uandike ulichonusa. Usiku wa tatu utajua yupi wa kurudi kwake. Na zafarani ya unga usinunue kabisa, hata kama muuzaji ni shemeji yako.