Nati za tela na ndoo ya maji

Tela ilikuwa mpya machoni. Ilichomelewa gereji, chini ikatiwa ekseli ya pikapu kuukuu, kisha yote ikapigwa rangi ya buluu: bodi, rimu, hata uso wa habu pale rimu inapokaa. Siku ya kwanza tukapakia matofali Mkoani, Pemba, kupeleka Wambaa kwenye ujenzi wa madrasa. Nati zilikazwa mbele ya macho yangu, na kijana aliyezikaza alisimama juu ya spana kwa miguu miwili mpaka ikalia.

Tulipofika Wambaa, kabla hata tofali moja halijashushwa, fundi aliyekuwa nasi akachutama kando ya gurudumu la kushoto, akatia spana. Nati ya kwanza ikazunguka karibu robo duara bila kulalamika. Ya pili vilevile.

“Fundi, si tulikaza asubuhi?” nikamuuliza.

“Asubuhi tulikaza rangi, mwalimu. Chuma bado.”

Jawabu lile lilinifanya nikae naye hadi alasiri, kwani ndani yake mna jambo ambalo wengi tunaoendesha na kupakia hatulijui. Tunadhani nati inalizuia gurudumu kama kigingi kinavyomzuia ng'ombe. Sivyo. Nati inapokazwa huivuta stadi, yaani bolti iliyochomoza kwenye habu, stadi ikarefuka kidogo, na kwa kutaka kurudi katika urefu wake huibana rimu kwenye habu. Mbano huo ndio unaobeba mzigo. Stadi ya milimita 12 iliyokazwa sawasawa, ikiwa safi na kavu, hubana kwa nguvu ya takribani tani 4. Gurudumu letu lilikuwa na stadi sita, basi piga hesabu mwenyewe.

Sasa tazama urefu wenyewe unaotoa nguvu yote hiyo: stadi hurefuka kwa unene wa unywele tu, pengine pungufu. Na mpako mmoja mzito wa rangi nao una unene kama huo. Ukibana rangi katikati ya rimu na habu, njiani itasagika na kutoka, stadi itarudi ilivyokuwa, mbano utakwisha, na nati itabaki mahali pake ikionekana nzima. Kutu hufanya hivyohivyo, na mchanga pia. Nasi watu wa pwani hatukosi kimoja wala kingine.

Mbano ukishapungua, rimu huanza kuteleza huku na huku juu ya habu. Mhandisi wa Kijerumani, Gerhard Junker, alionyesha mwaka 1969 kwamba mtikisiko wa ubavuni mwa bolti ndio unaozifungua nati upesi kuliko mtikisiko mwingine wowote. Tela hupata mtikisiko huo kila gurudumu linapogonga shimo au jiwe. Isitoshe, gari likiwa na gurudumu la mbele lililolegea, usukani humtetemekea dereva mikononi. Tela haina usukani. Hata mwenye gari la ng'ombe ana nafuu, kwani hutembea kando ya gurudumu lake na kulisikia linapoanza kugonga. Dereva wa tela yuko mbali, injini inanguruma, na nyuma yake huenda kuna watoto wanaotoka skuli wamejipanga ukingoni mwa barabara. Gurudumu lililochomoka halina breki. Ontario, Kanada, baada ya watu kuuawa na magurudumu ya malori, walitunga sheria mwaka 1997 inayoweza kumtoza mwenye lori faini ya hadi dola 50,000 kwa gurudumu kuchomoka tu, bila kusikiliza visingizio. Naiona ni haki.

Fundi akapiga jeki, akavua gurudumu, akakwangua rangi yote usoni mwa habu, nyuma ya rimu na kwenye vikombe nati zinapokalia. Stadi akazisugua kwa brashi ya waya. Kijana akaleta grisi, akakatazwa: uzi wenye mafuta huteleza, kwa hiyo nguvu ileile ya mkono huivuta stadi zaidi ya kiasi chake. Nati zikarudishwa kwa mkono kwanza, kisha kwa spana kidogokidogo kwa kuvuka, ya juu halafu ya upande wa pili, ili rimu ikae bapa.

Kilichobaki kilikuwa kipimo. Magari mengi ya Toyota yenye stadi za milimita 12 hutakiwa kukazwa kwa nyutonimita 103 hivi. Spana yenye kipimo haikuwapo. Fundi alichomeka bomba kwenye wili spana, akapima nusu mita kutoka katikati ya nati, akatia alama kwa chaki. Akaomba ndoo ya lita 20, ikajazwa maji. Maji kilo 20, ndoo yenyewe kilo moja, kwa mkono wa nusu mita: hesabu inatoka 103 barabara, na uzito wa bomba unaongeza kidogo tu. Gurudumu likiwa limekanyaga chini, spana ikawekwa mlalo, ndoo ikaning'inizwa kwenye alama polepole bila kuachiwa ghafla. Spana ikishuka, nati bado inaenda. Anaitoa, anairudisha mlalo, ananing'iniza tena. Inaposimama, anahamia nati ya ng'ambo.

Linganisha na yule kijana wa asubuhi. Mtu wa kilo 70 akisimama kwenye alama ileile anatia zaidi ya mara tatu ya kipimo. Stadi iliyovutwa hivyo hurefuka isirudi, na isiporudi haibani tena. Mbili tulizikuta uzi umetanuka. Zikabadilishwa siku hiyohiyo, ingawa mwenye tela alinung'unika.

Hapa ndipo ninapowalaumu wengi wetu: tunaikaza nati mara moja, tukaisahau. Dexter, watengenezaji wa ekseli za tela Marekani, huagiza nati zirudiwe baada ya maili 10, 25 na 50 za mwanzo, yaani kama kilomita 16, 40 na 80, na tena kila gurudumu linapovuliwa. Pemba yote, kaskazini hadi kusini, ina urefu wa takribani kilomita 67. Huku kwetu, basi, kungoja “safari ndefu” ni kungoja isiyokuja. Safari fupi za mawe na mchanga ndizo zinazokusanya kilomita hizo.

Mwisho fundi alichora mstari mmoja mweupe kutoka kwenye kila nati hadi kwenye rimu. Mstari ukivunjika, nati imezunguka. Siku ya pili tulipakia tena, tukasimama njiani kutazama, na Wambaa tukatundika ndoo upya. Nati mbili za kulia zilisogea kidogo. Siku ya tatu hakuna iliyosogea, na mistari yote kumi na miwili ilikuwa imenyooka.