Jina Lililomeza Mashairi

Mwaka 2004 kampuni ya Kijerumani ya Out Here Records ilitoa albamu ya X Plastaz wa Arusha kwa jina la Maasai Hip Hop. Jina hilo liliuza shuka la Merege kabla ya muziki. Sawa, uimbaji wake wa Kimaasai unasisimua; lakini Gsan na wenzake wanarapu zaidi kwa Kiswahili, tena cha mtaani. Wimbo mmoja unaitwa “Nini Dhambi kwa Mwenye Dhiki”, swali ambalo hakimu na padri wote wangelikwepa. Asiyejua Kiswahili hulipita akimsubiri Merege. Huyo namwelewa. Nisiyemwelewa ni Mtanzania anayeiita albamu hii “muziki wa watalii” wakati swali lile linamuuliza yeye.