Jalada Lililofutwa Jina

Jalada la Nineteen Eighty-Four lililotolewa na Penguin mwezi Januari 2013 halina picha, na jina la riwaya na la mwandishi yamefunikwa kwa tepe nyeusi. Ni kazi ya msanifu Mwingereza David Pearson, mojawapo ya majalada 5 ya vitabu vya George Orwell aliyoyasanifu kwa pamoja. Kimojawapo ni Animal Farm, ambacho wasomaji wa Kiswahili wanakijua kama Shamba la Wanyama katika tafsiri ya Fortunatus Kawegere.

Msingi wa jalada ni wa zamani. Penguin ilipoanza mwaka 1935, vitabu vyake vilikuwa na mikanda mitatu ya kulala: ya rangi juu na chini, nyeupe katikati kwa ajili ya majina. Rangi ya chungwa ilikuwa alama ya riwaya. Pearson aliuhifadhi mpangilio huo, kwa kuwa pengo huonekana pale tu ambapo jicho limezoea kukuta kitu.

Kazi yenyewe ilikuwa na hatua tatu. Kwanza, majina yalichapwa kwa wino. Pili, herufi zilibonyezwa kwa kibao cha chuma hadi zikadidimia kwenye karatasi, mbinu ambayo Pearson alikwisha kuitumia katika mfululizo wa Great Ideas ulioanza mwaka 2004. Tatu, majina yalifunikwa kwa foili nyeusi isiyong'aa. Foili ni utando mwembamba wenye rangi. Chuma cha moto kikiukandamiza, rangi huuacha utando na kuganda kwenye karatasi.

Ugumu ulikuwa katika hatua hii ya mwisho, maana mkandamizo wa foili huzisawazisha tena herufi zilizodidimia. Ukizidi, jina linapotea kabisa. Ukipungua, linasomeka waziwazi na tepe inageuka pambo. Majaribio mengi yalifanywa kabla ya kupata kadiri iliyofaa. Foili inayong'aa ingeanika kila herufi, lakini hii humeza mwanga. Hivyo jina husomeka kwa shida, jalada likiinamishwa kwenye mwanga au likipapaswa kwa kidole.

Ufundi huo unatoka ndani ya riwaya. Mhusika mkuu, Winston Smith, ameajiriwa katika Wizara ya Ukweli kuandika upya magazeti ya zamani ili yakubaliane na kauli za Chama kinachotawala. Msomaji anayepapasa herufi zilizofunikwa anafanya lile analothubutu Winston: kutafuta kilichokuwapo kabla ya kufutwa.

Mbinu hii ina mipaka miwili. Inahitaji kitabu kinachojulikana tayari, kama hiki kilichotoka mwaka 1949. Kitabu cha mwandishi asiyejulikana kingepita bila kutambuliwa. Tena inahitaji mkono wa msomaji, kwa sababu katika picha ya jalada kwenye skrini mbonyeo hufifia, na zinazobaki ni tepe nyeusi tu.