Jina la Mtunzi: Tasnifu za Fasihi Simulizi na Mtihani wa Mdomo, kwa Kurejelea Garissa

1. Utangulizi

Makala haya yanakusudia kuchunguza jambo ambalo wasimamizi na watahini wa tasnifu za uzamivu hulipita upesi mno, yaani jinsi tasnifu ya fasihi simulizi inavyomtaja, au inavyomficha, mwenye utungo. Mfano wetu ni Garissa na Kaskazini Mashariki mwa Kenya.

Kwa mtaalamu wa Kiswahili eneo hili si la pembeni kama linavyodhaniwa. Kandokando ya Mto Tana wanaishi Wapokomo na Wailwana, ambao lugha zao ni za kundi la Sabaki pamoja na Kiswahili. Derek Nurse, katika kitabu chake cha mwaka 2000, alionyesha jinsi Kiilwana kilivyogeuzwa na majirani wake wa Kikushi. Mjini Garissa na kuelekea mashariki, Kisomali ndicho lugha ya nyumbani kwa wengi, nacho Kiswahili hutumika sokoni, shuleni na ofisini. Chuo cha Garissa kilianza mwaka 2011 kikiwa chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha Moi, kikapata hati ya kuwa chuo kikuu kamili mwaka 2017. Hivyo tuna haki ya kutazamia kwamba tungo za eneo hili zitaandikiwa tasnifu na watu wanaoishi humo. Swali ni: zitaandikwaje?

2. Kanuni mbili zinazogongana

Mtafiti anayejiandaa kwenda nyanjani hana budi kupata kibali cha Tume ya Taifa ya Sayansi, Teknolojia na Uvumbuzi, na kuahidi kwamba atalinda siri ya watoa habari. Kutokana na ahadi hiyo tasnifu zetu zimejaa "Mtoa habari wa 3" na "Mtoa habari wa 7". Kanuni hii haikuwekwa bure. Tarehe 2 Aprili 2015 magaidi wa Al-Shabaab walivamia chuo cha Garissa wakaua watu 148. Katika mji uliopatwa na msiba wa namna hiyo, mtu akisita kuandikwa jina lake katika daftari la mgeni hatuna haki ya kumshangaa.

Lakini iko kanuni ya pili, nayo ni ya wenyeji. B. W. Andrzejewski na I. M. Lewis, katika kitabu chao cha mwaka 1964 juu ya ushairi wa Kisomali, walieleza kwamba mghani ana wajibu wa kuuhifadhi utungo kama alivyoupokea, na kumtaja aliyeutunga. Kughani gabay ya mtu bila kumtaja ni aibu. Ndiyo kusema kwamba jambo tunalowafundisha wanafunzi wetu kwa jina la kunukuu, jamii hii ililijua na kulitekeleza kwa ulimi kabla Kisomali hakijapewa hati yake rasmi ya Kilatini mwaka 1972.

Basi mtafiti anayeandika "Shairi la 4, kutoka kwa Mtoa habari wa 7" ametii kanuni moja na kuivunja nyingine. Tena katika tasnifu hiyo hiyo Shaaban Robert anatajwa kwa jina, mwaka na ukurasa. Aliyechapishwa anahesabiwa kuwa mtunzi. Asiyechapishwa anageuzwa kuwa data. Hasara kubwa huwaangukia watunzi wa buraanbur, tungo za wanawake, kwa kuwa asiye na kitabu hana pengine pa kutajwa.

Tatizo hili latokana na kuwachanganya watu watatu: mtunzi, mghani na mtoa maelezo. Mtoa maelezo anaweza kufichwa bila hasara kubwa. Mtunzi hafichwi ila kwa ombi lake, na ombi hilo liandikwe wazi katika tasnifu. Kwa hiyo ridhaa iombwe mara mbili: kabla ya kurekodi, na tena baada ya utungo kunakiliwa na kusomwa mbele ya mwenyewe, kabla tasnifu haijawasilishwa.

3. Suala la tafsiri

Gabay hushikamana kwa urari wa sauti za mwanzo: sauti moja hurudiwa mstari hata mstari hadi mwisho. Utenzi wetu hushikamana kwa vina vya mwisho. Mtafiti anayelazimisha vina katika tafsiri yake ya Kiswahili hutupa jengo la kwanza na kusimamisha jingine, kisha huhakiki hilo la pili. Hapana budi matini ya Kisomali iwekwe kando ya tafsiri, kwa hati yake yenyewe, ili msomaji aweze kupima.

4. Mtihani wa mdomo

Jopo la watahini hutumia muda mwingi juu ya nadharia na mpangilio wa sura. Mambo hayo yana mahali pake. Lakini jopo lisilo na hata mmoja ajuaye Kisomali litamwuliza mtahiniwa juu ya mizani na vina, naye atajibu vyema swali lisilohusu shairi lake. Kumtafuta mtahini anayefaa ni kazi ya idara, na ianze mapema, tasnifu ingali mikononi mwa msimamizi.

Wako watakaosema kwamba anayetahiniwa ni mwanafunzi, si mtunzi. Ni kweli. Lakini shahada hutolewa juu ya kazi ambayo sehemu yake ni ya mtu mwingine. Isitoshe, viwango vya Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu vya mwaka 2014 vinamtaka mtahiniwa wa uzamivu achapishe makala mawili katika majarida yenye kuhakikiwa. Hivyo kosa la kumsahau mtunzi huenda limekwisha kuenezwa kabla jopo halijakaa.

5. Hitimisho

Tunapendekeza kila jopo la fasihi simulizi lianze kwa maswali matatu: Nani alitunga? Nani alighani? Je, wamesomewa yaliyoandikwa juu yao? Mtahiniwa asiyeweza kuyajibu arudishwe nyanjani, hata kama sura yake ya nadharia haina dosari.