Nukta 15, Mistari 15: Kuitambua Kazi Safi

Ukiletewa mchoro wenye nukta 15 na mistari 15, kila mstari una nukta tatu na kila nukta inapitiwa na mistari mitatu, usibabaike. Hesabu hiyo hutimizwa na mipangilio 245,342 iliyo tofauti, na tunaoutaka ni mmoja tu. Stanley Payne wa Marekani aliupachika jina la kitambaa cha kufuma, kile cha kutandikwa mezani au mgongoni mwa kochi, na ukiuona utajua kwa nini. Ni mmoja wa ukoo wa pembenne za jumla, ambazo Jacques Tits alizianzisha mwaka 1959.

Ukoo mzima unafuata sharti moja. Chagua mstari wowote, kisha nukta yoyote iliyo nje yake. Kutoka nukta ile lazima uwepo mstari mmoja, na mmoja tu, unaokwenda kukutana na ule uliouchagua kwenye nukta. Ikiwepo mistari miwili ya namna hiyo, imezaliwa pembetatu, na katika kazi hii pembetatu ni uzi uliokatika.

Ukaguzi hauhitaji zaidi ya penseli. Weka kidole kwenye nukta moja. Mistari mitatu inayopita hapo inakupa majirani sita, na kila jirani ana mistari mingine miwili: jumla 12. Ikiwa yote 12 ni tofauti, ongeza mitatu ya mwanzo upate 15, na nukta hiyo imefaulu. Ukijikuta umehesabu mstari uleule mara mbili, pembetatu unayo, na pia kuna mstari mahali fulani ambao hukuufikia kabisa.

Je, urudie mara 15? Kwa mchoro mbaya, ndiyo. Mchoro mzuri hujengwa juu ya pembetano: nukta tano kwenye pembe, tano katikati ya pande, tano ndani. Ukiuzungusha unabaki vilevile, kwa hiyo kagua pembe moja, katikati ya upande mmoja na nukta moja ya ndani, basi. Mistari yake ni pande tano, mihimili mitano inayotoka pembeni hadi katikati ya upande unaoelekeana nayo, na matao matano. Tazama sana kitovu. Mihimili yote mitano hupishana pale, na pale hapana nukta. Mchoraji aliyetia doa kitovuni ili kupendezesha ameharibu kila kitu, na mimi nimewahi kuusifia mchoro wa namna hiyo mbele za watu kabla sijahesabu.

Bado mchoro hautakwambia kwa nini sharti linashika. Kwa hilo napendelea njia ya Mwingereza James Joseph Sylvester, ya mwaka 1844, ambayo hapa naivalisha nguo za barazani. Wachezaji sita wa bao, Asha, Bakari, Chausiku, Daudi, Eda na Faraji, wana mbao tatu. Kila jozi ya wachezaji ni nukta; kila namna ya kuwapanga wote sita kwenye mbao tatu ni mstari. Jozi ni 15, na mipango ni 15. Sasa chukua jozi ya Asha na Bakari, na mpango ambao Asha anacheza na Chausiku, Bakari na Daudi, Eda na Faraji. Jozi mbili za kwanza zinagombania mchezaji na jozi yetu. Inayobaki huru ni ya Eda na Faraji peke yake, na ukiiunganisha na jozi yetu, Chausiku na Daudi hawana budi kukaa pamoja: mpango ni mmoja tu. Sharti limethibitika, na hatujachora hata mstari mmoja.

Fundi hasa utamjua akitaka kuikuza kazi. Mpe kila mchezaji nukta mbili mpya, moja ya kukaa kulia na moja ya kukaa kushoto. Ongeza mstari kwa kila namna ya kumkalisha mmoja kulia na mwingine kushoto: nukta ya kulia ya yule, nukta ya kushoto ya huyu, na jozi yao. Mistari mipya ni 30. Sasa una nukta 27 na mistari 45, na kila nukta, ya zamani au mpya, inapitiwa na mistari mitano. Hii ni pembenne ya jumla nyingine, na nukta zake zinalingana na mistari 27 iliyonyooka ambayo wanahisabati wa karne ya 19 waliigundua kwenye uso wa daraja la tatu. Mtu akikuletea hiyo imechorwa kwenye karatasi, mwombe orodha ya mistari yake.